Siku Anti Ndinda Alituficha Mgeni Asituone

Harufu ya unga ukitoka kwa mashine bado moto ndiyo ilikuwa inatuamsha. Chumba cha Anti Ndinda pale Kongo, Kawangware, kilikuwa kimeshikana ukuta na posho mill, na ikifika saa moja asubuhi mabati yote yanatetemeka, vikombe vinagongana, na vumbi jeupe linapitia matundu ya misumari linatua kwa blanketi. Ndugu yangu Mumo alikuwa na miaka minne, na kila akiamka alikuwa analamba mkono wake aone kama amekuwa ugali. Mimi nilikuwa na kumi na moja. Shule zilikuwa zimefungwa juu ya korona. Sijawahi kufurahi vile tena, na nasema hivyo nikijua vizuri kulikuwa na watu wanakufa.

Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi na mama Laini Saba, huko Kibera. Mama alikuwa anasafisha wodi hospitalini. Wakati wengine waliambiwa wakae nyumbani, wao waliambiwa wasikose hata siku moja. Jirani aliyekuwa anatuangalia alirudi ushago, kijijini kwao, na watoto wake, kwa hivyo mama akaanza kutufungia. Alikuwa anatuwekea ugali kwa hotpot, maji kwa jerikeni, ndoo ya haja kwa kona, halafu tunasikia kufuli. Mimi nilikuwa mtu wa haraka tangu utotoni, sikuweza kukaa, nilikuwa nazunguka hicho chumba kama kuku. Siku moja Mumo akameza kifungo cha shati kikamkwama. Nikapiga mlango na sufuria mpaka jamaa wa kuchomelea vyuma hapo nje akavunja kufuli, akamgeuza Mumo kichwa chini, kifungo kikaruka. Mama alitoka kazini mbio, na bosi wake akamwambia akitoka tena katikati ya shifti asirudi. Usiku huo mama alikaa kwa kitanda na viatu miguuni. Hakula.

Ndio hospitali ikaleta huo mpango. Mfanyakazi wa wodi mwenye watoto wadogo angetaja mtu wa familia wa kukaa nao, na huyo mtu atalipwa kila mwezi kwa simu. Mama hakufikiria mara mbili, akataja mdogo wake Ndinda. Anti alikuwa na miaka ishirini na tatu, hana mtoto, na wale akina mama aliokuwa anawafulia nguo walikuwa wamemwambia asikanyage kwao na virusi vyake. Lakini kusikia neno kulipwa, akakasirika. Simu ilikuwa kwa spika, tulisikia yote.

"Asi! Mimi nilipwe kulea watoto wa dada yangu? Kwani mimi ni housegirl wako?"

"Si mimi nakulipa, ni hospitali."

"Hata kama ni serikali. Watu wa kanisa wakisikia?"

"Ndinda, kodi ya hiyo nyumba utalipa na kanisa?"

Mwishowe Anti akasema, "Lete watoto. Hayo mengine sijui." Pesa ilipokuwa inaingia alikuwa anaisoma akiwa ametugeuzia mgongo, halafu ananunua mafuta, sukari na sabuni bila kusema imetoka wapi.

Mama naye alihamia kulala huko kazini na wenzake, asituletee ugonjwa. Jumapili alikuwa anakuja anasimama ng'ambo ya mtaro, barakoa usoni, anatupungia. Mumo alikuwa anampungia, halafu anarudi mbio kucheza. Vile hiyo ilimuuma mama nimeelewa juzi tu.

Kwa sababu tulikuwa tunacheza kweli. Anti alikuwa anafunga leso kiunoni anaruka bladda na sisi pale koridoni, na akishindwa anadai kamba ilikuwa juu sana. Alituogesha kwa beseni moja akituimbia nyimbo za Kitui ambazo mimi nilikuwa nazielewa nusu. Alinifundisha kupika maharagwe na kumsuka yeye nywele, na nikiharibu anajiangalia kwa kioo anasema, "Mutheu, umenifanya nifanane na nanasi," halafu anatoka nayo hivyo hivyo mpaka sokoni. Tulilala watatu kitanda kimoja, Mumo katikati, na asubuhi kama amekojoa tunabishana ni nani amekojoa, na Anti wakati mwingine anakubali ni yeye ndio Mumo asione haya.

Tulipokuwa tumekaa kwa Anti miezi mitatu hivi, mama akapiga simu na sauti ya wasiwasi. Kesho kuna madam anatoka ofisi ya hospitali, anazunguka kuona vile watu wanaishi, kwa sababu kuna wengine walipatikana wanakula pesa na watoto wako ushago. Asipoona kila kitu kiko sawa, mpango unakufa. Na mpango ukifa, ama mama aache kazi, ama sisi turudi kwa kufuli.

Anti alisikia kitu kimoja tu: mgeni anakuja. Na kwetu mgeni akija, watoto wanatoka nje. Aliamka saa kumi na moja akasugua sakafu. Akaanua shuka la Mumo kwa kamba, akapakia nguo zetu, viatu, hata kale kagari kake ka waya, vyote akavipeleka kwa Mama Awino, jirani wetu wa mlango wa tatu. Kisha akatupeleka na sisi. "Nikisikia hata kikohozi, mtanijua." Akarudi kukanda chapati.

Tulikaa kwa Mama Awino tukinusa hizo chapati. Mimi nilivumilia labda dakika kumi. Nikajipenyeza koridoni nikasimama nyuma ya pazia la mlango. Madam alikuwa amekaa, faili kwa magoti, anaangalia chumba kisafi ambacho hakikuwa na hata soksi ya mtoto.

"Watoto wako wapi, dada?"

"Usijali, madam, hawatakusumbua. Kunywa chai."

"Wanalala wapi?"

"Si hapo tu."

"Na nguo zao?"

"Ziko." Anti akamwongezea chapati.

Madam hakuigusa. "Nieleze basi. Hii kazi yako unaifanya vipi?"

"Kazi gani? Hapa hakuna kazi."

Nikaona kalamu ikiandika. Nikajua mpango unakufa hapo. Kabla sijafikiria, Mumo, ambaye alikuwa amenifuata bila suruali, akanipita chini ya mkono, akaingia, akamshika Anti sketi.

"Anti, pupu. Imekuja."

Anti hakuangalia mgeni. Alimnyakua Mumo, akachomoa tishu juu ya kabati, akatoka mbio kuelekea choo cha ploti akiita, "Ngoja! Ngoja kidogo, mzee wangu!" Nikabaki na madam. Na mimi nikamwaga kila kitu. Nikamwambia nguo zetu ziko kwa Mama Awino. Nikamwambia Anti anapanga foleni ya maji kabla hatujaamka, Mumo akiota ndoto mbaya hambebeshi mtu mwingine, ameuza simu yake kubwa akabaki na ya tochi ndio nipate vitabu vya hesabu. "Ametuficha kwa sababu wewe ni mgeni," nikasema. Nilikuwa karibu kulia, na nilikuwa namkazia macho kama nataka kumpiga.

Anti akarudi amembeba Mumo mgongoni kwa leso, mikono imelowa maji na sabuni. Kuniona, akafunga macho. "Mutheu. Nilisema nini?"

Madam akamuuliza pole pole, "Dada, hiyo umetoka kufanya inaitwa nini?"

"Hiyo ni kumpeleka mtoto choo."

"Mimi nyumbani kuna msichana namlipa kufanya hiyo. Na hafanyi akikimbia."

Anti akapangusa mikono kwa sketi. Halafu akasema, "Basi andika ni kazi. Lakini watu wa kanisa usiwaambie." Madam akacheka mpaka barakoa ikamshuka puani, akaandika, akachukua chapati mbili, na sisi wengine tukashukia zilizobaki. Jioni mama alipopigiwa simu, nilimsikia analia na kucheka pamoja.

Sasa nimemaliza form four, nangoja matokeo na sijui kungoja. Mimi, Mumo na mama tunaishi upande wa Kawangware unaoitwa 46, vyumba viwili, nina kitanda changu. Mama analala nyumbani kila siku. Ni maisha mazuri kuliko yale, hata sibishani. Lakini huwa tunakula kimya, na mama hupenda kuuliza ya ule mwaka: Mumo aliacha lini kukojoa kitandani, nani alimfundisha kufunga kamba za viatu. Mimi najibu nikicheka, naye anasikiliza kama mtu anaambiwa habari za nchi aliyolipia nauli na hakufika.

Mwezi uliopita shule ya Mumo iliita wazazi. Mama aliomba ruhusa kazini, akapiga pasi gauni. Mumo akamwambia bila ubaya, "Si Anti ndio huja?" Mama akasimama na pasi mkononi. Kisha akapigia mdogo wake simu: "Ndinda, vaa. Tunaenda wawili."

Darasani mwalimu alisema mzazi wa Mumo asimame. Wakasimama wote, wakaangaliana. Anti akaanza kukaa chini haraka, na mama, bila kugeuka, akamshika mkono wa sweta akamzuia asikae.