Wimbo wa Kumi Ulionitoa Benchi

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi wa mtaa, maiki mkononi, macho nimeyafumba kama mtu anayeombea chakula, nikikariri mistari ya wimbo wa kumi.

"Amelala kwako, kodi halipi. Amekula kwako, asante hasemi. Umempa shuka, amekupa vidonda. Mtoe! Mtoe leo!"

Nikafungua macho. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka wengine wamekaa madirishani. Nikawaambia kwamba tangu nianze kusikiliza rap sijawahi kusikia mtu akiisema serikali namna ile bila kuitaja. Huyu anayelala bure, nikasema, ni mheshimiwa wetu. Shuka ni kura. Vidonda ni vidonda, kila mtu ajikune pake. Albamu ikimalizika na wimbo kama huo, nikasema, mjadala umekwisha, leteni rangi tuandike ukutani.

Msichana mwenye albamu, rapa wa mtaa wa Huruma, alikuwa safu ya mbele pamoja na mamake. Akainua mkono kama yuko darasani.

"Baba, samahani sana. Albamu yangu ina nyimbo tisa."

Nikacheka. "Binti yangu, usijishushe. Hata wa kumi ni wako."

"Si wangu, baba."

Hapo mtu mmoja dirishani akaweka viganja mdomoni, akamalizia kwa sauti ya kipaza sauti cha barabarani: "Kunguni! Pulizia asubuhi, lala jioni!"

Mimi nimechekwa maishani. Nimechekwa na mwalimu wa darasa la saba aliposoma matokeo yangu kwa sauti. Lakini kuchekwa na ukumbi mzima ni kitu kingine. Mama anayetuuzia mahamri, mtu wa kanisa, alishika nguzo asianguke. Watu walikuwa wakijikuna makusudi. Na mimi, badala ya kukaa chini, niliendelea kuongea. Nilisema labda tangazo nalo lina maana ya ndani.

Sasa nirudi nyuma, maana aibu yangu ina wenyewe na nataka wajulikane. Majina siandiki. Mtaani kwetu ukisema kinyozi wa kona na jamaa wa flashi, hata mtoto wa chekechea anakupeleka mlangoni.

Nje ya kibanda cha kinyozi kuna benchi, na juu ya benchi kuna ukuta. Kwa miaka mingi sisi watu wa rika langu tumekuwa tukikaa hapo Jumapili mchana kubishana kuhusu albamu za rap za humu nchini, na hasa za upande wetu huu wa Eastlands. Ikikubalika kwamba albamu ni klasiki, jina lake linaandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Mpaka mwaka huu majina yalikuwa matano tu. Wasanii wanakuja kupiga picha hapo. Kuna mmoja alilia.

Sheria ni mbili. Ya kwanza, albamu haijadiliwi mpaka ipitiwe na mvua ndefu na mvua fupi. Vitu vingi vinavyosifiwa Januari, mvua fupi ikifika hakuna anayekumbuka kiitikio. Ya pili, anayeitetea albamu lazima aape kwamba ameisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata sekunde, hata yale maongezi wanayoweka katikati. Ukishikwa umeapa bure, unatoka benchi. Sheria hiyo ya pili niliitunga mimi.

Niliitunga kwa sababu ya uchungu. Zamani tulikuwa kundi la watu wanne, tukarekodi kanda moja. Mtangazaji wa redio aliicheza mara moja tu na akaongea juu ya ubeti wangu, akisoma salamu za watu wa Murang'a. Mwenye studio akarekodi kwaya juu ya kanda yetu mama, ikafutika. Wenzangu watatu, mmoja alichukuliwa na risasi, mmoja na kifua, wa tatu alichukuliwa na wokovu, ana kanisa lake Njiru na akiniona anavuka barabara. Nimebaki mimi. Basi nikawa shahidi. Vijana wakibishana walikuwa wanasema, "Ngoja tumuulize mzae, yeye alikuwepo." Nilipenda hiyo kuliko chakula. Sina cheti, sina shamba, kazi yangu ni kugonga mabati Kamukunji nikitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Lakini Jumapili nilikuwa mtu wa kuulizwa.

Mwaka huu zilibaki albamu mbili, na kwa wingi wa watu kura ikahamishiwa ukumbi wa mtaa. Moja ilikuwa ya kijana mmoja tajiritajiri, biti zake safi kama sakafu ya benki. Hiyo ilitetewa na kinyozi. Ya pili ilikuwa ya msichana wa Huruma, na hiyo niliitetea mimi.

Nataka nieleweke hapa. Albamu ya yule msichana ni klasiki. Kuna wimbo, wa nne, amerap akipanda ngazi za ghorofa lao na mtungi wa maji, na pumzi inamwishia kweli, na hakukata. Akifika ghorofa ya sita anasema neno moja tu halafu kimya. Kuna mwingine kuhusu mamake anayefulia watu nguo, na biti yake ni kufua, ile chwa, chwa ya mikono. Siku ya kwanza kuusikia niliacha nyundo, na fundi jirani yangu akadhani nimejigonga kidole.

Tulibishana wiki nne. Kinyozi ni mwanasheria aliyekosa koti.

"Buda, huyo msichana ana mistari, sikatai," alikuwa akisema, mashine ikinguruma kwenye kichwa cha mteja. "Lakini klasiki ni kitu unaweza kucheza harusini. Hiyo yake nikiicheza harusini bi harusi atakumbuka madeni ya kwao."

"Kwani klasiki ni keki?"

"Klasiki ni kitu hakichoshi."

"Hata wewe umetuchosha miaka ishirini na bado tunakuita rafiki."

Mteja alicheka mpaka akakatwa vibaya. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Sikuwahi kumshuku kwa lolote.

Nije kwa jamaa wa flashi. Huyu ni mwanamume mzima mwenye ndevu, ana kibanda chenye kompyuta moja na nyaya nyingi. Unampa flashi, anakujazia nyimbo unazotaka. Watu wengi wa rika langu hatuna bando za kusikilizia mtandaoni, na wengine, nasema kweli, hatujui pa kubonyeza. Kwa hiyo tunampelekea yeye. Kazi yake ya pili ni kuwatengenezea wachuuzi matangazo ya vipaza sauti, yale yanayojirudia siku nzima juu ya mkokoteni. Kazi mbili, kompyuta moja. Mnaona shida inakokuja.

Mchuuzi wa dawa ya kunguni alikuwa amemwomba tangazo jipya, lenye mdundo, kwa sababu yale ya zamani watu wameyazoea. Jamaa wa flashi akachukua biti ya msichana wa Huruma, bila kumwomba mtu ruhusa, akaongea yeye mwenyewe juu ya biti hiyo kwa sauti nyembamba ya kukwaruza. Akaisevu palepale penye albamu. Na alikuwa bado hajamaliza kurekodi, kwa hiyo kipande kilichoingia kwenye flashi yangu kilikatika kabla ya kumtaja mdudu.

Mimi nikapeleka flashi kazini, nikaichomeka kwenye redio, nikasikiliza nyimbo tisa na tangazo moja, kwa utaratibu, bila kuruka sekunde, kama sheria yangu inavyotaka. Yule mchuuzi mwenyewe siku za kazi mchana alikuwa anapita mtaani na tangazo zima, lakini saa hizo mimi niko Kamukunji katikati ya nyundo mia. Mtaa mzima ulijua ni kunguni. Mimi nilijua ni siasa.

Na nisijifanye. Wimbo wa nne ulinishika, wa mamake ulinishika, lakini ulionitoa machozi ni ule wa kumi. Nilimwona mwenye studio ndani yake. Nilimwona yule mtangazaji. Wote wamelala kwangu, wote wamekula kwangu. Niliurudia mara nyingi kuliko zote. Fundi jirani yangu aliuliza kama huyo mwimbaji ni mgonjwa wa koo. Nikamwambia hana masikio ya sanaa.

Baada ya kicheko, kura zikapigwa. Mkono wangu ulipanda, mkono wa mamake msichana ukapanda, na mingine michache ya huruma. Kijana wa biti safi alishinda. Msichana alinisalimia kwa mikono miwili kabla ya kuondoka. "Asante kwa kunitetea, baba," akasema, na alimaanisha, na hilo ndilo linaniuma. Mamake hakunisalimia. Aliuliza tu, "Uliisikiliza ya mtoto wangu kweli?" Nikasema niliisikiliza yote. Akasema, "Yote na zaidi," akafunga leso yake akatoka.

Benchi walinitoa palepale. Eti niliapa uongo. Nikawaambia mimi peke yangu ndiye niliyetii sheria mpaka ikapitiliza! Hakuna aliyesikia. Siku hizi nikipita wananiita Pulizia.

Jumatatu nilimwendea jamaa wa flashi nikiwa na nyundo, ingawa ilikuwa tu kwa sababu natoka kazini.

"Mzae, pole," akasema kabla sijafungua mdomo. "Hiyo ni makosa yangu, nakubali. Lakini mbona hukurudisha? Kinyozi alirudisha yake siku ya pili."

"Kinyozi yupi?"

"Wa kona. Alikuwa amemsikia mchuuzi akipita hapo kwake, akaja akicheka, akasema nimemwekea kunguni kwa albamu. Nikamsafishia. Nikamwambia na ya mzae itakuwa hivyo hivyo, nilizijaza pamoja. Akasema nisijali, atakwambia yeye."

Nilikaa kwenye stuli ya wateja. Jamaa akaniletea maji.

Kinyozi hakuniambia. Alikuwa na wiki tatu. Alininyoa mara mbili katika wiki hizo. Ile mara ya pili, siku tatu kabla ya ukumbi, aliniuliza kama nimeusikia mwisho wa albamu. Nikamwambia mwisho umenitoa machozi. Mashine ikazimwa. Akanitazama kwenye kioo, nikadhani naye ameguswa. Kisha akasema, "Basi hapo ndipo uweke nguvu zako, buda. Usiuache mwisho nje." Na akaninyoa vizuri kuliko siku zote, mpaka nyuma ya masikio, ili nipendeze.

Nimefikiria sana kwa nini nakasirika. Kama angenifanyia mzaha mimi tu, ningenung'unika mwezi mmoja nikarudi kunyolewa, maana nani mwingine anajua kovu langu la kisogoni. Nilistahili mzaha. Mtu anayelia kwa tangazo la dawa amejitafutia. Nilipenda sana kuwa shahidi mpaka nikaona maana kwenye kila kitu, hata mahali ambapo palikuwa na mdudu tu. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini aliyepoteza si mimi. Yule msichana aliingia ukumbini na mamake amevaa viatu vya Jumapili, akiwa na nyimbo tisa ambazo hakuna hata moja iliyojadiliwa siku hiyo. Ngazi za ghorofa ya sita hazikutajwa. Maji ya kufulia hayakutajwa. Kura ilipigwa juu ya kunguni. Na kinyozi alijua itakuwa hivyo, na kesho yake asubuhi akachukua brashi akaandika jina la sita ukutani.

Nimempita mara nyingi tangu siku hiyo. Ananiita, "Njoo nikupunguze, umekuwa kama mchungaji wa Njiru." Siendi. Nywele zimefunika masikio.

Kwa hiyo nasema hapa, kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo wananicheka kabla sijafika katikati. Wewe kinyozi wa kona, sitaki uje kwangu kuomba radhi. Sitaki chai yako, sitaki kunyolewa bure. Jumapili ijayo mchana panda ngazi za lile ghorofa la Huruma, mpaka juu ghorofa ya sita, upige hodi, na umwambie yule mama, mbele ya bintiye, ulijua kuanzia siku gani na ulinyamaza kwa nini. Ukishamjibu, toka nje ya kibanda chako ukafute jina ulilolipaka, kura irudiwe, nyimbo tisa zichezwe kwa spika mbele ya watu wote, na mimi niwe nimekaa mbali, mdomo nimeufunga. Ukikataa, waambie wateja wako kwa nini. Wanakaa hapo kwenye kiti chako na wembe uko shingoni mwao. Wana haki ya kujua wewe ni mtu wa kunyamaza namna gani.