Wote Wanarudi Kutoka Paris, Binti Yangu Hapana

Mke wangu alikufa Januari. Alianguka jikoni kwa madam mwenye alikuwa amemwandika kazi ya nyumba, hakuamka. Admin ficha jina yangu. Niko miaka arobaini na nane, nafanya kazi ya mjengo hapa Eldoret, shule niliachia class six, kwa hivyo mnivumilie.

Madam alitusaidia, siwezi kataa. Gari yake ndio ilibeba mwili mpaka kwetu Western. Siku ya kuzika akapewa nafasi aongee. Akashika binti yangu mkono, ako miaka kumi na tisa, akasema, "Kutoka leo huyu ni wangu." Watu wakapiga makofi. Kwetu mtu akisema kitu kama hiyo kwa mazishi, mwenye matanga anasimama anajibu. Nikasimama. Nikasema, "Mchukue, mama. Nimekupea."

Binti akaingia kazi ya mamake, analala huko huko. Sasa madam na watoto wake wanaenda Ulaya kutembea, na wanataka aende ashike ule mdogo. Wamepanga na kupangua. Kwanza ilikuwa June, madam akasema hapana, June kuna joto na watu ni wengi, April ndio poa, baridi imeisha na maua imetoka. Wanaanzia Roma, wanapanda treni mpaka Milan, halafu Paris. Binti ameshika yote kwa kichwa. Kila Jumapili akija ni hiyo tu. Nikimuuliza swali anacheka, "Baba, wewe ata Cheptiret hapa karibu unaenda ukilalamika."

Jumapili iliyopita nikamwambia anionyeshe hizo tikiti kwa simu. Kizungu sijui sana, lakini majina ya watu na miji naweza soma. Madam na watoto wanatoka Paris wanarudi Nairobi. Jina ya binti yangu haiko hapo. Iko kwa ndege ingine, siku hiyo hiyo, inaenda Arabuni. Inaishia hapo.

"Hii ni nini?"

"Dada ya madam amezaa huko. Namsaidia kidogo."

"Kidogo ni mpaka lini?"

"Tikiti ya kurudi itakatwa nikiwa huko."

"Na passport yako?"

"Iko na madam. Anasema nitapoteza."

Nikapigia madam. Hata hakupandisha sauti. "Mzee, si ulinipea mbele ya kaburi? Ama marehemu alidanganywa?" Akakata.

Nikaenda kwa ndugu yangu mkubwa. Akasema, "Neno ya mazishi hairudishwi. Ukirudisha, mabaya inafuata watoto." Nikamwambia mtoto mwenyewe ndio huyo anaenda. Akaniambia ninywe chai.

Binti amekasirika. Ameniuliza, "Unataka nifie jikoni ya watu kama mama?" Huko anaenda pia ni jikoni, na mimi sitakuwa karibu ata ya kubeba mwili.

Wanatoka hapa kesho jioni. Nyinyi wenye mmeona mengi, niambieni. Nikasimame kwa gate ya madam nivunje neno nilisema kwa kaburi ya mke wangu, ama ninyamaze aende? Nifanye nini? Mniandikie leo. Kesho narudi kazi, tunamwaga slab ya simiti, na simu huwa tunaacha kwa store.