Kompyuta Iliyobaki Laini Saba

Nyinyi wa nyumbani Malava huniuliza kila Krismasi, "Nafula, kwani kazi yako ni gani hasa?" nami hujibu kwa mkato kwa sababu chai inapoa. Leo nitaeleza, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini Jumamosi moja nilitembea kutoka Kawangware hadi Kibera kumwomba kompyuta mwanamume niliyekuwa nimeapa sitamwomba hata chumvi.

Kazi yangu ni kuigiza mwanga ndani ya kompyuta. Tuna kipande cha glasi ambacho tunataka kiwe buluu bila kupakwa rangi yoyote. Juu yake huchongwa vituta vidogo mno. Ukilaza unywele mmoja hapo utafunika mamia yake. Mwanga ukivigonga, ni buluu tu inayorudi machoni. Kabla ya kuchonga, mimi huigawa glasi na hewa iliyo juu yake kuwa vijichumba vya hesabu, halafu kompyuta inapita ikiuliza kila kijichumba, hatua kwa hatua: mwanga umefika? Una nguvu gani? Unaelekea wapi?

Laptop yangu ni mnyonge. Kwa hiyo nilitumia ujanja wa sisi wenye mashine ndogo: unahesabu nusu ya kituta tu, kisha pale katikati unaiambia kompyuta, "Upande wa pili ni kama huu huu, umegeuzwa tu kama kwenye kioo." Kazi inapungua nusu. Nilikwenda hivyo miaka miwili na nilijiona mjanja sana.

Ijumaa alasiri maabara, wanaotuchongea glasi, walinitumia picha ya kipande cha majaribio. Nikaikuza. Vituta vyote vilikuwa vimeinama kidogo upande wa kushoto, kama nyasi kwenye upepo. Ndivyo mashine yao inavyochonga, na hakuna aliyeniambia wala mimi sikuwa nimeuliza. Katika hesabu yangu vilisimama wima, na hata ningeviinamisha, kile kioo kingeinamisha nusu moja kushoto na nyingine kulia, zikielekeana kama watu wanaosalimiana. Hesabu yote ilikuwa bure! Na Jumatatu asubuhi wangechonga kipande chenyewe, kimoja tu, kwa vipimo vyangu. Kingetoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na nafasi yangu pale ingekwisha siku hiyo hiyo.

Kuhesabu kituta kizima kulitaka mashine yenye memori kubwa, nami nilijua moja tu. Ilikuwa Laini Saba, kule Kibera, kwa Omondi. Tulikuwa tumeiunda pamoja, kipande kwa kipande, wakati tukiishi chumba kimoja kando ya reli. Nilipohamia Kawangware miaka miwili iliyopita, yeye alibaki, na mashine ikabaki naye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaamua kuinama.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Mama Njeri, mwenye ploti ninayopanga, alinikuta langoni akimwagilia maua yake.

"Leo umejipaka mafuta mpaka kwa vidole. Unaenda wapi hivyo?"

"Kazini, Mama Njeri."

"Kazi gani ya kuvaa herini?" alisema, na akacheka mpaka maji yakamwagikia viatu vyake mwenyewe.

Nilicheka pia, lakini alikuwa amenishika. Wacha niseme wazi, kwa kuwa hakuna wa kunizuia: nilikuwa na hamu na Omondi. Nilikuwa na hamu na kikohozi chake cha asubuhi, na jinsi anavyopuliza vumbi kwenye mashine huku amefumba macho. Kawangware nilipata chumba tulivu chenye stima isiyopotea ovyo, jinsi nilivyotaka, na jioni nyingi nilikuwa nikipika ugali wa watu wawili kwa mazoea.

Saa mbili nilifika Dagoretti Corner. Nilitembea kwa makusudi, ili nipate muda wa kupanga maneno. Nilipanga salamu tatu tofauti, zote nikazikataa.

Saa tatu na nusu nilikuwa Ayany, mtaa wa nyumba nzuri. Zamani tulikuwa tukipita hapa Jumapili kuchagua nyumba tutakayokodisha siku moja. Mimi nilikuwa nikionyesha kidole: ile yenye veranda, ile yenye mlango wa kijani. Omondi alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilisimama mbele ya ule mlango wa kijani hadi askari wa langoni akaanza kunitazama vibaya, nikaondoka.

Saa nne na ushee, Laini Saba. Reli ilikuwa imejaa watu, viatu vya mitumba vimepangwa pande zote mbili, mafundi wa vyuma wanagonga. Kibanda cha Omondi kiko pale pale: picha za pasipoti, kuchapisha, kukuza picha za marehemu. Alikuwa anamnyoosha kola mzee mmoja aliyekuja kupigwa picha.

"Niaje, Nafula," alisema, kama mtu tuliyeachana jana.

"Poa. Sasa?"

"Fiti. Umepotea mpaka tukadhani umeolewa na laptop."

Salamu zangu zote tatu zilikuwa zimeyeyuka. Nikamweleza shida moja kwa moja, yeye akisikiliza huku akikata picha za mzee kwa mkasi. Omondi hakusomea mwanga, lakini usiku ngapi nilimchosha masikio kwa habari hizi!

"Kwani ulihesabu nusu?"

"Nusu."

"Na hukuwauliza hivyo vitu vimesimamaje?"

"Sikuwauliza. Usinigombeze, nimeshajigombeza."

Alitabasamu kidogo. "Nimalizie wateja watatu, halafu ni yako mpaka kesho mchana. Jumapili sifungui."

Alipowasha mashine niliona folda yangu kwenye kona ile ile ya skrini. Alikuwa ameipa jina: NAFULA, MTU ASIGUSE. Nilijifanya natafuta waya chini ya meza ili asinione uso.

Kufikia saa saba nilikuwa nimepanga upana wa aina tano wa vituta, vizima, vilivyoinama, bila kioo katikati. Nikabonyeza. Mashine ilinguruma, ikaandika: saa ishirini na mbili zimesalia.

"Enda ukalale kwa mathe, huko Silanga," Omondi alisema. "Hapa nitaangalia mimi."

Jioni, Silanga. Mama yake alikuwa anachuma sukuma wiki kwenye shamba lake dogo upande wa bwawa. Aliponiona aliangusha fungu zima.

"Nyathina, mwanangu! Umekonda hivi, huko Kawangware hawali?"

Alinipa omena na ugali, akanitazama nikila mpaka sufuria ikaisha. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Alipokuwa anaosha vyombo ndipo akasema, bila kugeuka, "Alikungoja, unajua. Mwaka mzima alikataa kubadilisha kufuli, ati bado uko na ufunguo."

"Mbona hakunifuata, Mama?"

"Mimi siingii mambo yenu. Muulize mwenyewe."

Jumapili, saa tano, baada ya kanisa, nilirudi Laini Saba nikikaribia kukimbia. Stima haikuwa imepotea. Mashine ilikuwa inamaliza aina ya tano, na Omondi alikuwa ameweka viti viwili mbele yake. Tulikaa bega kwa bega kama zamani, na niliomba kimya kimya ichelewe kidogo.

Haikuchelewa. Vipimo vyangu vya zamani, vikihesabiwa vizima, vilitoa kijani kilichofifia. Kituta cha upana wa pili, vivyo hivyo. Cha tatu, bure. Kwa cha nne, chembamba kuliko vyote, mstari wa grafu ulipanda juu pale pale kwenye buluu na kusimama.

"Ndiyo hii?" Omondi aliuliza.

"Ndiyo hii! Ndiyo hii yenyewe!" Nilimshika mkono. Aliuacha ushikwe, kisha akauondoa polepole ili anisogezee kibodi.

Niliwaandikia maabara palepale: vipimo vya kwanza vina makosa, makosa ni yangu, tumieni hivi. Nilidhani upande wa pili unafanana na wa kwanza. Omondi alikuwa anasoma nyuma yangu.

"Hata mimi ulinipigia hesabu hivyo," alisema.

"Vipi?"

"Ulihama ukijua nitakufuata, kwa sababu ingekuwa wewe, ungenifuata. Hukuniuliza kama nataka. Ulinionyesha tu milango."

Nilituma barua.

Saa nane alinisindikiza. Kwa kawaida mgeni unamfikisha barabarani ukarudi, lakini tulitembea hadi Ayany bila yeyote kusema turudi. Hapo nikapata nguvu.

"Omondi, wewe ulikuwa unataka nini?"

Alicheka kwa mshangao, halafu akaanza kusema, na kumbe alikuwa na mengi. Alitaka kibanda kiwe duka, hapo hapo kwenye reli. Alitaka kuwa karibu na mama yake. Alitaka watoto watakaoongea Kijaluo na nyanya yao bila kutafsiriwa. Alitaka Jumapili za kulala tu, bila kwenda kuchagua nyumba za watu. Katika yote hayo hakuna hata moja nililowahi kukisia, na miaka minne tulilala kitanda kimoja.

"Na mimi nilikuwemo?" niliuliza.

"Kwa kila moja."

"Na sasa?"

Alitazama viatu vyake. "Sasa kuna mtu. Anaitwa Atieno. Jumapili ijayo nampeleka kwa mathe." Kisha akasema kwa upole, na sidhani alitaka kuniumiza, "Hilo swali lako la nataka nini, yeye aliniuliza siku ya kwanza."

Nilimpa mkono, nikamwambia amsalimie. Sikumbuki njia ya kurudi Kawangware, ila Mama Njeri alinifungulia lango, akanitazama, na hakunitania.

Jumatatu walichonga. Mchana walinipa ile glasi mkononi, ndogo kuliko ukucha, nikaipeleka dirishani. Ilikuwa buluu, buluu safi, bila tone la rangi ndani yake. Wenzangu walipiga makofi, nami nililia, wakadhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha kweli.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu, na hiyo ndiyo safari. Nilichojifunza nawaachia hasa nyinyi mlio na mtu ndani ya nyumba: muulizeni anataka nini. Muulizeni angali anangoja kuulizwa.