Wachumba Kwenye Jedwali

Kazini, karani wa takwimu wa zahanati hakuwa na masihara. Kabla ya kugusa orodha yoyote ya wagonjwa alipanga vigezo vya kuondoa: aliyehama, aliye chini ya umri, mwenye taarifa pungufu. Kisha anabofya mara moja tu, majina yanatoweka, wanabaki wanaofaa. "Mimi siangalii sura," alijigamba. "Naangalia vigezo."

Ugonjwa huo akauleta nyumbani. Wachumba watano walikuwa wamebisha hodi kwa nyakati tofauti, naye akawatia wote kwenye jedwali. Aondolewe anayekoroma (hilo aliwadodosa dada zao bila haya). Aondolewe asiye na mshahara wa mwezi. Aondolewe mchelewaji. Akabofya. Skrini ikabaki nyeupe pe!

Kati ya waliotoweka alikuwemo fundi wa majokofu, mwanamume aliyemchekesha mpaka mbavu zikamuuma. Kosa lake moja: hajawahi kuwahi popote. Alikuwa ameomba jibu leo hii. Akikataliwa, haji tena. Moyo wa karani ulimuuma hasa, lakini vigezo ni vigezo. Ujumbe wa kumkataa ulikuwa tayari kwenye simu, bado kutumwa.

Mama yake akachungulia begani kwake. "Mchagua nazi hupata koroma. Hebu mtie na baba yako humo. Yule wa enzi za kunichumbia."

"Mama jamani!"

"Mtie! Alikoroma, alikuwa kibarua, na siku ya kuja kujitambulisha alifika wageni wameshaaga."

Karani akaandika, akabofya. Baba hayupo. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Mzee, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, akavua miwani. "Nimekwenda wapi?"

"Umeondolewa, baba."

"Nimeondolewa." Akaivaa tena miwani. "Sasa hiyo kompyuta anaibofya nani?"

 Karani aliona haya, halafu akaingiwa na hofu, kwa kuwa kidole chake kilikuwa kimebakiza kidogo tu kuutuma ule ujumbe. Akaufuta, akapiga simu.

"Njoo kesho na wazee wako," alimwambia fundi.

Upande wa pili ulisikika ukelele, kisha kitu cha chuma kikaanguka. "Nije saa ngapi?"

"Saa nne kamili," akajibu, kisha akamgeukia mama yake na kumwomba chakula kiwe tayari saa nane.