Kinanda cha Baba Fiona Kwenye Sinema Zisizosema

Keziah wa Richfield si mtu wa kubembeleza. Lakini majira yale ya baridi alimbembeleza mumewe Davis aguse tena kinanda, mpaka ulimi ukakauka.

Davis alipiga kinanda katika kanisa lao la Wakenya tangu wahamie Minnesota. Wakaja vijana na muziki uliopangwa ndani ya kompyuta, wakamshukuru kwa keki, wakamkalisha. Tangu hapo, akitoka kazini ni kochi tu, kimya, kama mzigo uliosahauliwa stendi. Keziah akaogopa. Alikwisha kuona wanaume wanaokufa huku bado wanatembea.

Kule Saint Paul, Keziah alimtunza ajuza wa Kizungu ambaye mama yake alikuwa mpiga piano wa sinema zisizosema. Akiogeshwa, ajuza husimulia. Sinema za Amerika, asema, zilianzia kwenye vyumba vya maduka, mabenchi ya mbao, kiingilio senti tano, treni inapita kwenye pazia jeupe la picha na watu midomo wazi. Mara zikahamia California, zikanenepa, yakajengwa majumba ya kifahari ya kuonyeshea. Karibu kila jumba na mpiga kinanda wake, maana picha haikuwa na sauti. Halafu picha zikajifunza kusema, nao wapiga kinanda wakafagiliwa nje.

"Kama mzee wangu," Keziah akasema.

Mwana wa ajuza ana ukumbi mdogo wa kuonyesha picha hizo. Mpiga piano wake akateleza kwenye barafu, akavunjika mkono. Keziah akamwambia yuko mtu. Mtu mwenyewe hakumwuliza kwanza.

"Mama Fiona, umeniuza," Davis akasema. "Mimi hata noti sisomi."

"Kanisani ulisoma?"

"Kanisani nilimfuata mhubiri."

"Basi mfuate wa kwenye pazia. Huyo hata kelele hana."

Davis akasema, "Nikiharibu, kile kinanda changu ugawe. Na usinitajie tena."

Jumamosi ya maonyesho ikafika. Washirika wa kanisa wakajaza safu za mbele. Picha ilikuwa ya mwashi aliyesingiziwa wizi. Vidole vya Davis vilikuwa vizito: mwizi anakimbia, piano bado inalia msiba. Mtu akakohoa. Keziah akaubana mkoba wake kama anayeukaba koo.

Ndipo kwenye pazia wakili akasimama kumtetea mwashi, mikono juu, mdomo unakwenda bila sauti. Kwa wakili huyo Davis akamwona mhubiri. Akamtilia chini zile sauti nzito za mahubiri. Wakili akipandisha mkono, piano inapanda. Akiushusha, inateremka naye taratibu. Ukumbi ukatulia. Kuanzia hapo usingejua kipi kinamfuata mwenzake.

Mwashi akaachiliwa, akapiga magoti mbele ya mama yake. Davis, bila kujijua, akateleza kwenye muziki wa kuwaita watu waokoke. Safu za mbele zote zikasimama, macho yamefumbwa, mikono juu. Wazungu wakatazamana, wakadhani ndiyo desturi, nao wakasimama. Chepkemoi, mwimbaji wa kwaya, akaanza kwenda mbele. Keziah akamdaka sketi.

"Kaa, dada. Hii ni sinema."

"Najua ni sinema," Chepkemoi akanong'ona akifuta machozi. "Lakini kinanda kinaniita."

Kicheko kikazagaa. Davis akageuza shingo, akawaona wamesimama kama mahindi shambani. Keziah akawaza: sasa ataacha, ataondoka, na safari hii hatarudi.

Davis akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, vidole havikuacha kazi, akawakalisha wote kwa wimbo wa harusi, na picha ikaisha hivyo.

Taa zilipowaka, mwenye ukumbi alikuja na mkono wa shukrani. Davis hakumngoja aseme.

"Piano yako imelegea upande wa kushoto, itafutie fundi. Na Jumamosi ijayo mnaonyesha nini?"

Keziah alikuwa amesimama ampigie makofi. Akaketi tena kitini, akashusha pumzi, akawaacha waendelee kuongea.