Maneno Niliyoyatia Sukari

Maua ya pareto, yale ya dawa ya wadudu, yakikauka hunuka kama majani makali yaliyopondwa pamoja na moshi wa kuni mbichi, na harufu hiyo ikishaingia puani haitoki. Ukipiga chafya asubuhi utapiga hadi jioni. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Molo, miaka ile ya hamsini, na hadi leo nikiisikia mahali hasira inanipanda kabla sijakumbuka kwa nini. Mzungu tulimwita Bwana Miwani. Jina lake la kwao sikulijua, na ni la pekee nisilolijua pale. Wanawake waliochuma maua ninao wote kichwani: Tabutany mwenye kibiongo, Nyaboke na dada yake Kerubo, Wanjiru mama Njoroge, na Chelang'at aliyeimba kwa pua hata alipokuwa na mafua. Shule nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo sikupata mahali pengine pa kuweka majina ya watu.

Mama yangu, Taprandich, hakuchuma. Yeye alikuwa ndani ya banda la kukaushia, ambako maua yalitandazwa kwenye trei za waya na joto la moto likapita chini yake ndani ya bomba la bati. Hakuna aliyemfundisha kazi ile. Alichukua ua moja, akabana kile kichwa chake cha manjano kwa vidole viwili, basi. Likivunjika kama unga, limekauka. Likibonyea tu, ndani kuna maji, na ukilifunga kwenye gunia litapata joto lenyewe lioze. Bwana Miwani alikuwa ametundika mlangoni kioo cha kupimia joto, lakini hata yeye alikuja kwanza kuangalia vidole vya mama, ndipo akaangalia kioo chake. Kazi hiyo ndiyo iliyotuweka pale. Baba alikuwa amekufa, na kwenye shamba la mzungu aliyekosa kazi alikosa nyumba, kipande cha kulima na malisho ya ng'ombe, vyote kwa siku moja. Sisi tulikuwa mama, mimi, mdogo wangu Kibet na ng'ombe watatu.

Sasa, mama hakujua Kiswahili. Alijua Kikipsigis, nacho alikisema kama mtu anayepasua kuni. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi, Kiswahili nilikuwa nimekiokota kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, nikicheza na watoto wa kina Nyaboke, kwa hiyo nikawa mdomo wake. Bwana akiuliza, mimi namwambia mama. Mama akijibu, mimi nampelekea Bwana. Aliyenifundisha namna ya kupeleka alikuwa mpishi, Wafula, mtu wa Bungoma, mnene, mcheshi, aliyenipa kingo za mkate kwenye mlango wa jikoni. "Wewe mtoto, mama yako anamtupia Bwana maneno mabichi," aliniambia. "Bwana ana tumbo dogo. Pika kwanza, tia sukari, ndipo uandae." Akanionyesha: mikono nyuma, macho chini, anza na kitu kizuri, maliza kwa kusema kama Bwana anapenda. Nilijifunza haraka kuliko nilivyojifunza kukamua. Wanawake walinisifu. Chelang'at alimwambia mama, "Huyu wako ataolewa na chifu, ulimi wake umepakwa siagi." Mama akasema siagi ni ya ugali, si ya ulimi. Nikaona mama yangu hana adabu. Nasema ukweli: nilimwonea aibu.

Mwaka huo mvua ilinyesha hadi wakati wa kuvuna. Kuni zililowa, moto ukawa moshi mtupu, na maua yakaja kutoka shambani yakidondosha maji. Asubuhi moja Bwana Miwani aliingia bandani na viatu vya matope, trekta likinguruma nje, kwa sababu behewa lilikuwa linasubiri stesheni ya Molo. Nyapara wetu, Arap Too, alisimama nyuma yake na magunia begani. "Hii maua tayari?" Bwana akaniuliza. Mama alibana ua moja, akabana la pili kwenye trei ya chini, akanigeukia. "Mwambie bado. Ndani ni mabichi. Akiyafunga leo yataoza njiani, na kosa litakuwa lake, si langu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nikaweka mikono nyuma. Nikamwambia Bwana kwamba mama anasalimu, kwamba anasema maua ya mwaka huu ni mazuri sana, na kwamba labda yangefurahi kupata moto kidogo zaidi, lakini kama Bwana anapenda, hakuna neno. Bwana akacheka. "Toto zuri. Tia gunia." Mama akaniuliza amesema nini. Nikamjibu, "Amesikia." Naye alipoona magunia yanashonwa aliamini kwamba mtu ameambiwa ukweli na ameukataa, akaenda zake kufagia.

Arap Too alikuwa Mkipsigis kama sisi. Kiswahili alikijua vizuri. Alisikia aliyoyasema mama na alisikia niliyoyasema mimi, akashona magunia. Mtu huyo alikuwa akila ugali kwetu.

Baada ya siku chache magunia yalirudi kutoka kiwandani Nakuru, maua yameshikana kama samadi, meusi, yananuka pombe iliyochacha. Bwana alitukusanya sote mbele ya banda, akasimama karibu na mama hadi mate yakamfikia. "Wewe nasema maua mzuri. Wewe nasema hakuna neno." Mama akanitazama, akasubiri nimfasirie. Nilipomfasiria alisema polepole, kama mtu anayempa mwingine nafasi, "Mwambie nilimwambia." Yalikuwa maneno mawili tu. Yangetosha. Wafula alikuwa kwenye mlango wa jikoni na taulo begani, Arap Too alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikaangalia viatu vya Bwana, nikasema, "Mama anasema pole."

Jumamosi tulitoka, ng'ombe mbele, Kibet mgongoni kwangu, tukaenda kwa mjomba upande wa Kuresoi. Mama alichimba viazi vya watu hadi mgongo ukakataa, na vile vidole havikubana ua tena. Hakuniuliza hata siku moja nilimwambia nini yule mzungu. Nafikiri alijua. Nilikuja kukutana na Arap Too sokoni nikiwa mke wa mtu, nikiuza viazi, akaniambia, bila haya, "Lakini ulisema kwa adabu." Nilimwachia viazi vyangu mezani nikaondoka, maana ningempiga.

Mjukuu wangu Mercy, anayeniita kogo, yaani nyanya, anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, anaishi mtaa wa Kihoto. Juzi alikuja na karatasi ya semina, akanisomea. Eti kuna stadi ngumu, zile za mikono, na stadi laini, za kuongea na kuishi na watu, na siku hizi waajiri wanatafuta hizo laini zaidi. Yeye alipata alama za juu za mawasiliano. Nilikuwa napepeta maharagwe, nikaona mikono yake imebambuka ngozi. Nikamuuliza. Akasema wanaingizwa kwenye vibanda vya plastiki kabla dawa ya wadudu haijakauka, wote mikono iko hivyo, na mama mmoja mjamzito amezimia.

"Na msimamizi ameambiwa?"

"Nilimwambia, kogo. Nilianza na kumshukuru, halafu nikamwambia poa tu, kama tulivyofunzwa."

"Akafanya nini?"

"Alisema asante kwa maoni."

"Na leo dawa imenyunyizwa?"

Akakunja karatasi. Imenyunyizwa. Nikaweka ungo chini, nikamwambia hiyo karatasi sina ugomvi nayo, watu waongee vizuri, lakini kuna siku uzuri wenyewe ndio uongo, na mimi nimebeba siku ya namna hiyo zaidi ya miaka sitini. "Kesho rudi kwa huyo mtu," nikamwambia. "Umwambie vibaya."