Tairi za Kumbeba Baba

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa umekuja kuniuliza habari za tairi, nitakusimulia hiyo kwanza. Jibu lako limo humohumo. Kaa vizuri, na hiyo simu igeuze kifudifudi.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye duka la vipuri pale Bugembe, kando ya barabara kuu, na nilikuwa na gari la michezo jekundu, siti mbili, lililosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nililipenda kupita kiasi. Sisi tuliopenda magari ya namna hiyo tulikuwa tukikodi uwanja mmoja wa lami kule Mbale, katika eneo la viwanda, uliozunguka maghala ya zamani yasiyotumika tena. Hayakuwa mashindano. Hapakuwa na kombe wala mshindi. Kila mtu alitoka kwa zamu yake akajue gari lake linaweza nini, mahali pasipo mbuzi wala bodaboda. Ndiyo hiyo siku ya uwanja unayoililia wewe leo.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, na mwendo wa kasi aliuchukia. Akipanda taksi ya kwenda Iganga, alikaa nyuma ya dereva makusudi ili amguse bega. Gari langu hakuwahi kulipanda hata siku moja. Aliliita kibiriti. Basi Ijumaa moja, tulipotoka msikitini, akaniambia bila kunitazama, "Jumapili nitakuja huko Mbale. Nitapanda mara moja, nikione hicho kinachokunyima usingizi." Mwanangu, nilifurahi kama mtoto wa Idi. Kitu nilichokitaka duniani wakati ule kilikuwa kimoja tu: baba yangu aketi kando yangu na aniamini.

Nikaenda kuchagua tairi. Sasa sikiliza kosa letu sisi watu wa huku. Sisi tumekulia kwenye matope. Ukipanda mlima wa Wanale mvua ikinyesha, tairi nzuri ni ile yenye meno marefu, basi. Mtu akija dukani kwangu aliingiza kidole kwenye mifereji, kidole kikizama anatabasamu. Nami nilifanya hivyohivyo. Nilipekua shehena yangu mwenyewe ya mitumba kutoka Japani, nikatoa tairi nne zenye meno ya kutisha, nikazipaka ile dawa nyeusi tuliyokuwa tukiwapakia wateja wetu. Ziling'aa! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengine hudanganywa na muuzaji. Mimi nilijidanganya kwa dawa yangu mwenyewe, na bado nikajisifu.

Pale Mbale alikuwapo mama mmoja, Afande Apio. Alikuwa ameendesha malori ya magereza miaka mingi, akastaafu, akafungua kibanda cha kuziba tairi karibu na ule uwanja. Mwanamke mrefu, mkimya, mikono kama ya mwashi. Hakuna aliyempa cheo kwetu, lakini hakuna gari lililotoka bila yeye kulikagua. Mimi nimeona mafundi wengi waliosoma, wenye mashine za kusoma kila kitu, na sijaona mwingine wa kumfikia mama huyu. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi, macho kayafumba, halafu anakuambia kona gani unaikata vibaya. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Jumamosi nilimpelekea gari. Akapiga magoti, akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Mpira mzuri hukubali ukucha. Wangu haukuacha hata alama.

"Kijana, hii tairi ni ya matope," akasema. "Kwa lami, meno refu nacheza kama jino ya mtoto nataka kutoka. Na mpira nakauka kabisa. Ona mwaka yake."

Akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zilikuwa na miaka tisa. Mimi muuza vipuri, sikuwa nimetazama.

"Lakini afande, bado ni mpya, tazama zinavyong'aa."

"Nani alipaka?"

Nikaficha vidole vyangu vyeusi.

"Kesho asubuhi mimi niko kanisani," akasema akijifuta magoti. "Narudi saa saba, natafuta wewe zingine. Mpaka mimi narudi, hii gari anakaa."

Jumapili baba akafika mapema, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, kana kwamba amealikwa harusini. Wenzangu wakaacha spana zao wakaja kumwamkia. Saa nne. Nikahesabu saa zilizobaki hadi saa saba, nikaona ni nyingi mno, na baba si mtu wa kungoja; angeweza kugeuza nia akarudi kwake. Haraka haraka haina baraka, tunaimba toka utotoni, lakini nani huikumbuka akiwa na funguo mkononi? Nikamvalisha helmeti. Kabla hajaingia akaniuliza:

"Yule mama wa tairi uliyenisimulia, ameshaziangalia hizi?"

"Ameziangalia jana, baba."

Umesikia jibu hilo? Ameziangalia. Alichosema baada ya kuziangalia nilikimeza. Baba akaridhika, akasema bismillahi, akaketi.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda taratibu. Wa pili nikaongeza, nikamwona kwa pembeni anatabasamu ndani ya helmeti, na tabasamu lile likanilevya. Kwenye mzunguko wa tatu, kona iliyo nyuma ya ghala la mwisho, gari liliniacha. Tairi njema hulia kwanza, mwanangu, hupiga kelele ili ujue imechoka. Zile hazikulia. Mkia ulitoka mara moja, tukazunguka mara mbili, tukaiacha lami, tukapita kwenye majani, tukasimama ubavu hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa zege. Injini ikazima. Na katika ule ukimya nikamsikia baba yangu akitamka shahada, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayejitayarisha kuondoka.

Nimezika wazazi wote wawili tangu siku ile, nimeona duka langu likiungua, lakini sijapata kuona aibu na hofu zikikaa mahali pamoja kama zilivyokaa kifuani mwangu pale. Hakuumia. Alhamdulillahi, hata mkwaruzo hakupata. Alitoka, akavua helmeti, akaketi kwenye kiti alicholetewa, akanipa mgongo, akimngoja yule mama.

Afande Apio alirudi kutoka kanisani akatukuta hivyo. Alikuwa amevaa gomesi ya rangi ya zambarau, mkanda mpana kiunoni, Biblia kwapani. Akampa mtu Biblia, akapiga magoti kwenye vumbi na gomesi yake yote, akaweka kiganja juu ya tairi ya nyuma. Baba akanyanyuka, akamfuata.

"Mama, shikamoo kwa kazi," akasema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. "Tairi hizi ulizikagua jana?"

Apio akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilikagua, Mzee. Nilikataa. Lakini mimi naenda kanisani, naacha ufunguo kwa yeye. Najua kijana ni kijana. Kosa ingine iko na mimi."

Mwanangu, mtu mzima aliyesema kweli tupu jana yake, akabeba sehemu ya kosa langu mbele ya baba yangu! Mpaka leo nikikumbuka nasimama wima. Kisha akanigeukia, na hakupaza sauti.

"Mimi nabeba wafungwa miaka mingi. Natoa Mbale, napeleka Kapchorwa kortini. Mlima, mvua, lori najaa. Watu nasema, Apio, hao ni wezi, wakianguka nani atalia? Mimi kila asubuhi napiga magoti, nashika tairi moja moja, kama ndani iko mama yangu. Wewe ndani ilikuwa baba yako kweli. Wewe ulishika nini?"

Nilikuwa nimeshika dawa ya kung'arisha.

Baba aliondoka kwa taksi kurudi Bugembe. Nilipompigia magoti jioni kumwomba radhi, alisema amenisamehe, na najua alisema kweli. Lakini kusamehe na kuamini ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Gari lilisimama uani, naye alipita kando yake kama unavyopita kando ya mbwa aliyekuuma.

Basi nikaenda kujifunza. Kila Jumamosi nilifunga duka mapema, nikafunga safari hadi Mbale, nikawa namshikia Afande Apio jeki. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilikuwa na bahati, nilifunzwa na Apio. Tairi zile nne alizitoboa mwenyewe ili nisije nikamuuzia mtu. Akanitafutia za barabara, za magari ya mwendo, mpira laini, mifereji mifupi, nne zenye umri mmoja na chapa moja. Mimi nilikuwa nataka zile kipara kabisa za washindani, zisizo na mfereji hata mmoja. Akacheka. "Hiyo najua kushika tu," akasema, "najua kuonya? Hapana. Na mvua ya Wanale ikishuka, utaogelea." Alitaka kwanza niisikie tairi inapolia, nijue maana ya kila kilio.

Alichora mstari wa chaki begani mwa tairi, chaki aliyoiomba kwa walimu wa watoto kanisani, halafu ananituma mizunguko mitatu. Nikirudi tunatazama. Chaki ikifutika kupita bega, upepo haukutosha. Ikibaki nyingi, upepo umezidi. Maana upepo hupanda kadiri tairi inavyopata moto, na anayepima asubuhi tu amepima nusu. Kila niliporudi aliniambia nishike mwenyewe, kwa kiganja, nimwambie ninachosikia kabla yeye hajashika. Miezi ya kwanza nilibahatisha. Alijua, akaniacha nibahatishe mpaka nikachoka kubahatisha.

Msimu uliofuata nilimwalika baba tena. Sikumbembeleza, nilimwambia siku na mahali, nikaondoka. Akaja, kanzu ileile ya harusini. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Apio, aliyekuwa ameketi juu ya ringi akinywa chai.

"Mama, nipande?"

Apio akapuliza chai yake. "Mzee, siku hizi mimi siulizwi. Uliza yeye."

Baba akanigeukia. Wenzangu wote wamekusanyika wanatazama. Tangu Jumapili ile nilikuwa nikiingoja dakika hiyo, na niliweza kusema ndiyo, neno moja, nikampata baba yangu kitini. Lakini nilikuwa nimetoka kushika tairi ya nyuma kulia, na upepo wake ulikuwa umepanda kuliko wenzake.

"Bado, baba," nikasema. "Hii imepata moto kupita kiasi. Tuiache ipoe, niipime tena, ndipo nitakuambia. Na kama haitakaa sawa, leo hupandi."

Baba akavuta kiti, akaketi kando ya gari langu, akaegemeza mkono kwenye bati lake. "Nitangoja," akasema. "Hata mpaka magharibi." Apio alitazama upande mwingine, lakini niliona ametabasamu.

Alipanda, mwanangu. Mizunguko mitano. Tairi zililia kwenye kila kona kama inavyotakiwa, naye akaniuliza zinasema nini, nikamfasiria.

Afande Apio siku hizi amezeeka, yuko kijijini kwao Teso, nami humpigia simu kila Idi na kila Krismasi. Huniuliza kwanza habari za tairi, halafu ndipo habari za watoto.

Sasa shika nasaha yangu. Usichague tairi kwa meno yake wala kwa kung'aa kwake. Soma mwaka wake, bonyeza mpira wake, funga nne za umri mmoja, anza na zile zinazoonya kabla ya kuteleza, na upime upepo zikiwa na moto kama ulivyopima zikiwa baridi. Hizo kipara za washindani ziache mpaka usikie kilio cha hizi. Hayo ni ya gari. Ya moyo ni haya: anayekukatalia kwa kuwa anajua, usimngojee aende kanisani wala msikitini ili upite. Na atakayeketi kando yako akikuuliza kama mambo ni salama, mpe jibu zima, hata kama jibu hilo litamfanya ashuke. Asiposhuka, amekupa roho yake uitunze mkononi mwako.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona mapema na ulimi usioficha. Abariki barabara zako, na kila utakayempandisha umrudishe mlangoni kwake akicheka. Amina.